Kona imelala sentimita tatu: marumaru zibandikwe hivyo hivyo au sakafu isawazishwe kwanza?

Swali la msomaji wa Nkuhungu, Dodoma: "Shikamoo fundi. Nimenunua nyumba iliyojengwa miaka saba iliyopita, sakafu yake ni ya niru, yaani saruji iliyosuguliwa laini juu ya zege. Nataka kuweka marumaru za 60 kwa 60 sebuleni, mita 4 kwa 5, na kapeti la plastiki chumba cha watoto. Fundi aliyekuja ameweka pima maji akasema kona ya upande wa jiko imelala kama sentimita tatu, na kuna ufa unaoanzia karibu na mlango kuelekea kona hiyo. Anasema nisihangaike, atajaza gundi nyingi upande ule na marumaru zitakaa sawa. Jirani anasema lazima sakafu yote ivunjwe. Nimsikilize nani?"

Marahaba dada, na hongera kwa nyumba. Kwa sasa usimkubalie fundi wala jirani, maana wote wawili wamekuandikia dawa kabla ya kupima ugonjwa. Sakafu kulala sentimita tatu kuna sababu yake, na sababu hiyo ndiyo itakayosema kama kazi yako ni ya wiki chache au ya miezi. Ukisawazisha sakafu ambayo bado inashuka, mvua za mwaka huu na za mwakani zikipita utaikuta kona imelala tena, na safari hiyo marumaru ulizozilipia zitakuwa zimepasuka juu yake.

Anza kwa kuchuchumaa kwenye ile kona ukiwa na tochi. Angalia pale sakafu inapokutana na ukuta. Kama fundi wa kwanza aliimwaga ikiwa imelala, niru itakuwa imeshikana na lipu bila nafasi, na iko hivyo tangu siku ya kwanza. Hiyo ni kasoro ya mkono wa fundi na haina shida kuirekebisha. Kama imeshuka baadaye, utaona mwanya, au mstari wa niru ya zamani uliobaki ukutani juu ya pale sakafu ilipo leo. Kama kuna skatingi ya simenti, ule ukanda wa chini ya ukuta, ndiyo nzuri zaidi kuitazama: sakafu ikishuka, skatingi hubaki imeshikilia ukuta, na chini yake unaweza kupitisha ncha ya kisu.

Kisha njoo kwenye ufa. Pitisha ukucha kuukata kwa upana. Kama pande zote mbili ziko kimo kimoja na ufa wenyewe ni mwembamba kama uzi, huenda ni ule unaotokana na zege kukauka haraka. Hapa kwetu huo ni wa kawaida mno. Upepo wa Julai hadi Septemba na hewa kavu hufyonza maji ya zege kabla halijakomaa, hasa kama hakuna aliyelimwagilia siku saba za mwanzo. Lakini ukucha ukigota, yaani upande mmoja uko chini kuliko mwingine, basi jamvi, yaani lile bapa la zege la sakafu, limekatika na kipande kimoja kinashuka. Ufa wa namna hiyo huwezi kuufunika kwa marumaru. Utatokea juu yake, kwa mstari ule ule.

Ukimaliza hapo, chukua nyundo, igeuze, ugonge sakafu kwa mpini kila baada ya hatua moja. Sikiliza. Sehemu nzima hutoa mlio mkavu, mfupi. Sehemu yenye uwazi hutoa mlio wa debe. Zungushia chaki kila unaposikia mlio huo. Vipande vidogo vidogo vya hapa na pale mara nyingi ni niru iliyoachana na zege, na hiyo inabanduliwa tu. Eneo kubwa linalonguruma kona nzima ni habari nyingine: udongo ulio chini ya jamvi umeondoka na jamvi linaelea.

Udongo unaondokaje? Watu wengi hudhani sakafu imekalia msingi. Sivyo. Kuta ndizo zilizokalia msingi. Jamvi limekalia kifusi kilichojazwa ndani ya msingi. Ndiyo maana unaweza kuwa na kuta zisizo na ufa hata mmoja na sakafu inayozama. Kifusi kinatakiwa kujazwa kwa tabaka za kama sentimita 15, kila moja ikimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Katika nyumba nyingi zilizojengwa kwa haraka, gari linamwaga kifusi chote siku moja, vijana wanakikanyaga kwa miguu, wanatandika mawe, zege linafuata. Kifusi hicho hushuka chenyewe miaka ya mwanzo, kisha hutulia. Kikiwa na mizizi na mabaki ya miti, mchwa wanakula, kinashuka zaidi.

Sababu ya pili ni udongo wa asili wa kiwanja. Dodoma ina udongo wa aina nyingi. Kwenye miinuko ni kichanga chekundu ambacho hakisumbui, lakini mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, na huo hauna huruma. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakata Aprili, halafu kiangazi kinashika miezi saba. Kwa hiyo kila mwaka udongo huo unainuka na kushuka mara moja. Toka uani mwezi wa Septemba au Oktoba uangalie ardhi: ikiwa imepasuka nyufa unazoweza kuingiza vidole, unajua umejenga juu ya nini.

Sababu ya tatu ni maji, na kwa kuwa kona yako iko upande wa jiko mimi ningeanza nayo hiyo. Usiku kabla ya kulala funga mabomba yote, hakikisha tangi limeshajaa, kisha andika namba za mita ya maji. Asubuhi, kabla mtu hajanawa, zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja, na huenda linalainisha kifusi cha chini ya kona hiyo kila siku. Angalia pia bomba la maji machafu ya sinki linapotokea nje. Je, linaingia shimoni, au linamwaga pembeni ya msingi? Na paa upande huo lina gata? Maji yanayodondoka kutoka kwenye bati na kutuama ukutani yanatosha kuishusha kona.

Kuhusu swali la kama bado inashuka au imeshatulia, hapo huna budi kuwa na subira. Chora kwa penseli mistari miwili midogo ikikatiza ufa, pima upana wake pale pale, andika tarehe pembeni. Pima tena kila mwezi. Kwenye kona, piga msumari mdogo ukutani na upime kutoka msumari hadi sakafu. Kama kiwanja chako ni cha mbuga, vipimo vya kiangazi peke yake havitoshi. Unahitaji cha Oktoba na cha Machi au Aprili. Najua ni muda mrefu kwa mtu aliyeshanunua marumaru. Lakini marumaru haziozi stoo. Kama udongo ni kichanga, mita ya maji haijasogea, hakuna mlio wa debe na ufa hauna ngazi, sioni sababu ya kukuchelewesha, endelea.

Ikionekana bado inashuka, au kona nzima inanguruma, jirani yako atakuwa na haki nusu. Havunji mtu sakafu yote. Unavunja kile kipande kilichoelea tu. Kata jamvi kwa mstari ulionyooka kwa mashine, ondoa zege na kifusi kilicholegea, rekebisha bomba kama ndilo chanzo. Jaza moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka imwagiwe na kushindiliwa hadi kisigino kisizame. Nyunyiza dawa ya mchwa, tandika nailoni nzito, weka wavu wa nondo, kisha zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Toboa ukingo wa jamvi la zamani uingize vipande vya nondo ili vipande viwili vishikane. Mwagilia siku saba bila kukosa, ukifunika kwa magunia yaliyolowa. Nje ya ukuta huo sakafia ukanda wa upana wa mita moja hivi, wenye mteremko wa kuondoa maji, na weka gata.

Sasa tuchukulie sakafu imetulia na tatizo lako ni ile sentimita tatu tu. Kabla ya kununua mfuko wowote, pima chumba chote. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, ujaze maji, toa mapovu yote, na kwa mpira huo hamisha alama moja kwenye kuta zote nne. Alama iwe mita moja hivi kutoka sakafuni. Ukiunganisha alama hizo unapata mstari ulio sawa na maji kuzunguka chumba. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta juu ya mstari huo, na chini ya kamba pima kushuka hadi sakafu kila baada ya mita moja. Andika kila kipimo kwa chaki pale pale sakafuni. Utajikuta na picha kama hii: mlangoni sentimita 98.5, katikati 99.4, kona ya jiko 101.7. Tofauti ya juu kabisa na chini kabisa ni milimita 32. Pima maji ya fundi, yenye urefu wa mita moja au pungufu, haiwezi kukupa picha hiyo ya chumba kizima.

Na hapa kuna jambo ambalo linaokoa fedha nyingi. Marumaru hazihitaji sakafu iliyo sawa na maji; zinahitaji sakafu iliyonyooka. Ni mambo mawili tofauti. Sebule inayoteremka sentimita moja kutoka ukuta hadi ukuta, lakini imenyooka bila mabonde wala vilima, itapokea marumaru vizuri na hakuna mgeni atakayegundua. Sebule iliyo sawa na maji mwisho hadi mwisho lakini ina kilima cha milimita sita katikati itakupa kona za marumaru zinazogota vidole. Chukua rula ya aluminiamu ya mita mbili, ilaze sakafuni pande zote, uangalie mwanga unaopita chini yake. Kwa marumaru kubwa kama zako uwazi usizidi milimita tatu. Kwa hiyo si lazima upandishe kona milimita 32 zote. Unaweza kuipandisha 25 na kuuacha mteremko uliobaki usambae taratibu chumba kizima, mradi ukiweka rula inalala bila kucheza.

Kuandaa uso wa sakafu ndiko mafundi wengi wanakopita mbio, na ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Niru ni laini na imebana. Kitu unachomwaga juu yake hakina pa kushika. Mwaga matone ya maji sehemu kadhaa. Yakinyonywa ndani ya dakika chache, vizuri. Yakikaa juu yakimetameta, hapo pana niru iliyobana, au nta, au mafuta, na upande wa jiko mafuta ni jambo la kutarajia. Osha mafuta kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, kisha chonga uso wote kwa tindo au mashine mpaka zege la ndani lionekane. Vijana wakikuambia wamechonga, piga magoti upitishe kiganja: unatakiwa kuhisi mikwaruzo kila mahali. Niru yote inayolia debe ing'olewe. Ufa mwembamba uliotulia upanue kidogo kwa tindo, utoe vumbi, uujaze kwa mchanganyiko wa kurekebishia zege. Halafu fagia, fagia tena, na kama unaweza kuazima mashine ya kunyonya vumbi, itumie. Vumbi jekundu la Dodoma linatosha peke yake kuitenga simenti mpya na ya zamani.

Kujaza kunategemea kina, na hapa usikubali mchanganyiko mmoja kwa kila mahali. Simenti na mchanga wa kawaida ukiutandaza chini ya sentimita mbili na nusu, unakatika na kumomonyoka, hasa pembeni unapoishia kuwa mwembamba kama chapati. Kwa hiyo kwenye sehemu ya kina kirefu, pale konani, piga mchanganyiko wa 1:4, yaani saruji moja kwa mchanga mkali nne, maji kidogo, kiasi kwamba ukiufinya kiganjani unakaa bila kuchuruzika. Pale unapopungua chini ya hapo una njia mbili: ama uchonge zege la zamani uongeze kina, ama utumie saruji maalumu ya kujisawazisha, ambayo hufanya kazi vizuri kati ya milimita tatu na kumi. Hiyo ya kujisawazisha fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, na usisahau kupaka kwanza dawa yake ya kushikisha. Ukizidisha maji ili iteleze vizuri, itakauka na unga juu.

Kabla ya kumwaga mchanganyiko wa simenti, lowesha sakafu tangu jana yake, isiwe na madimbwi. Kisha paka uji mzito wa saruji kwa fagio gumu na umwage mchanganyiko juu yake uji ungali mbichi. Uji ukishakauka na kuwa mweupe umegeuka kuwa kizuizi, na fundi anayepaka chumba kizima kisha anaenda kunywa chai amekuharibia kazi. Pakeni mita mbili, jazeni, songeni mbele. Fanyeni asubuhi na mapema, madirisha yakiwa yamefungwa, na mkimaliza funikeni kwa nailoni siku hiyo hiyo.

Mchanga nao uupime. Mchanga wetu mwingi unachotwa kwenye makorongo, na baadhi unakuja na tope. Jaza chupa ya plastiki nusu ya mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache hadi kesho. Kwa kila sentimita kumi za mchanga, utando wa tope ulio juu ukizidi milimita nane, rudisha mzigo au uoshwe. Kuhusu maji, visima vingi vya huku vina chumvi; ukipata ya kunywa tumia hayo, vinginevyo utaona unga mweupe unachomoza kwenye viungio vya marumaru.

Nije kwa gundi ya fundi wako, maana hilo ndilo uliloniuliza hasa. Gundi ya marumaru imetengenezwa kukaa nyembamba, milimita tatu hadi sita hivi. Ikiwekwa nene hunywea inapokauka, ikavuta marumaru chini upande mmoja. Na hesabu yenyewe inaikataa: gundi hula takriban kilo moja na nusu kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Milimita 30 ni kilo 45, yaani zaidi ya mifuko miwili ya kilo 20 kwa mita moja ya mraba. Hakuna fundi atakayetumia kiasi hicho. Atakachofanya ni kuweka mabonge matano, manne konani na moja katikati, na kuiegemeza marumaru juu yake. Kati ya mabonge panabaki hewa. Siku kijana akiangusha mchi, au ukisogeza friji, marumaru itapasuka pale pasipo na kitu chini yake.

Marumaru za porselini zina shida nyingine: hazinyonyi maji, kwa hiyo saruji tupu haizishiki. Zinataka gundi iliyopakwa kwa mwiko wenye meno, sakafuni na pia utando mwembamba mgongoni mwa marumaru. Mwambie fundi abandue moja kati ya zile tano za kwanza mbele yako. Mgongo wake uwe umeenea gundi karibu wote. Na upepo wetu unaifanya gundi iote ngozi upesi. Akiigusa kwa kidole na kidole kikatoka kikavu, aikwangue apake nyingine. Aache pia mwanya wa milimita tano hadi kumi kuzunguka kuta zote, bila kuuziba kwa saruji, skatingi itauficha. Jua la Oktoba likipasha chumba, marumaru zinatanuka, na zikikosa pa kwenda zinainuka katikati.

Usisahau milango. Kamilisha hesabu ya unene wote, yaani kusawazisha, gundi na marumaru yenyewe, kwenye kila mlango unaofungukia sebuleni kabla kazi haijaanza. Mlango wa mbao utapunguzwa chini. Geti la chuma si rahisi. Na sebule ibaki juu ya baraza angalau sentimita mbili, la sivyo mvua ya Januari yenye upepo itaingia ndani.

Chumba cha watoto kina masharti yake. Kapeti la plastiki ni jembamba, kwa hiyo kila punje ya mchanga na kila mkwaruzo wa mwiko utaonekana juu baada ya wiki chache. Huko niru yako laini ni faida: ibaki, ziba mashimo, sugua vinundu kwa jiwe la msasa, fagia. Kubwa ni unyevu. Bandika sakafuni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukakuta matone au sakafu imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka chini, na kapeti litafunika ukungu na harufu chumba wanacholala watoto. Hapo ni afadhali kuweka marumaru. Na ukirekebisha sakafu hiyo kwa simenti mpya, hesabu kama siku moja kwa kila milimita ya unene kabla ya kutandika plastiki; sebuleni, mchanganyiko mpya upe wiki tatu ndipo marumaru zianze.

Ukishapata vipimo vya chini ya kamba, niandikie namba hizo jinsi zilivyo, pamoja na usomaji wa mita ya maji wa usiku na wa asubuhi. Kutokana na hapo naweza kukuambia mifuko mingapi. Kwa kukadiria tu: kama sebule yako yote ingehitaji unene wa sentimita nne, ingekuwa mifuko sita hivi ya saruji na mchanga usiofika mita moja ya ujazo. Kona peke yake haitafika nusu ya hapo.